Punje za Maharagwe Juu ya Nukta Moja

Kazi niliyoifanya Kajiado kwa miaka saba haina jina zuri kwa Kiswahili, na kwa lugha ya kwetu haina jina kabisa. Mama yangu alipoulizwa kanisani huko Magharibi kwamba binti yake anafanya nini, alijibu kuwa nahesabu ng'ombe. Nilimwacha aseme hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahesabu nani humwambia nani habari, na kulieleza jambo hilo kwa barua kungekula kurasa mbili ambazo sikuwa na nguvu ya kuziandika.

Ilianza baada ya mvua za El Niño. Mifugo ilikufa sana upande wa Mashuuru, na kila mara habari za ugonjwa zilifika ofisini Kajiado wakati fisi walikuwa wameshamaliza kula. Mradi mmoja uliofanya kazi na wafugaji ukaajiri watu wachache wachunguze habari hupita wapi na hukwama wapi. Mkubwa wetu alikuwa mama wa Kiambu aliyesomea hesabu, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza alitandika karatasi ya manila sakafuni, akachora nukta nyingi na kuziunganisha kwa mistari. Kila nukta ni mtu, akasema, na kila mstari maana yake ni kwamba hawa wawili hupashana habari. Kisha akaniuliza ni nani kati yao aliye katikati.

Nikaweka kidole kwenye nukta iliyokuwa katikati ya karatasi. Alicheka, lakini si kwa ubaya.

"Huyo nimemweka hapo tu kwa sababu kulikuwa na nafasi," akasema.

Akanieleza kwamba kuna njia zaidi ya moja ya kupima mtu kuwa katikati. Ya kwanza ni kuhesabu mistari yake: mwenye mingi ndiye. Ya pili ni kuhesabu hatua kutoka kwake hadi kwa kila mtu mwingine, na mwenye jumla ndogo ndiye aliye karibu na wote. Ya tatu ndiyo iliyonitesa. Unawachukua watu wawili wowote, unatafuta njia fupi kati yao, halafu unamwekea alama kila mtu ambaye njia hiyo inampitia. Ukimaliza watu wote, wawili wawili, unatazama ni nani amepitiwa zaidi. Mtu anaweza kuwa na mistari michache kabisa na bado akawa ndiye mlango wa wengine wote.

Nilielewa haraka, labda kwa sababu ya mahali nilipokuwa naishi. Tulipanga Kitengela, kwenye ploti ya nyumba kumi, na bomba la maji lilikuwa moja, la kufungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa kwangu. Hakuna aliyenichagua. Mwenye ploti alikuja Jumanne moja nikiwa nyumbani na homa, akanikuta mlangoni, akaniachia. Tangu siku hiyo waliogonga mlango wangu kabla sijavaa viatu ni watu wa nyumba tisa. Mume wangu, ambaye aliondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurudi akiwa hoi, alikuwa akiniita waziri wa maji. Sikucheka.

Basi nikaanza kutembea. Nilianzia Isinya, nikashuka hadi Mashuuru na maboma ya ndani, na swali langu lilikuwa moja: mara ya mwisho uliposikia kuna ugonjwa wa mifugo, ulisikia kwa nani? Nilitembea na mzee mmoja Mmasai aliyestaafu kazi ya kuogesha ng'ombe kwenye josho. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu, na ndiye aliyenifundisha kwamba huko hakuulizwi swali kabla ya habari kuliwa. Watu wakikutana wanasimama, mmoja anasimulia yote aliyoyaona tangu alikotoka, mwenzake anaitikia kwa sauti ya kooni, halafu wanabadilishana. Mvua, majani, mgonjwa, mgeni, ng'ombe aliyepotea. Ndipo unaweza kufungua daftari lako. Kwa siku nilipata watu wanne, nikibahatika watano. Udongo mweusi ulipolowa ulinishika viatu nikarudi Kitengela na kilo mbili za Kajiado kila mguu.

Kisha mzee akaugua kifua, akakaa nyumbani wiki tatu. Niliona naweza peke yangu, kwani wengi walisema Kiswahili. Nikawauliza wanaume, na majibu yakaja safi kabisa. Ulisikia kwa nani? Kwa Pakiteng. Na wewe? Kwa Pakiteng. Boma la tatu, Pakiteng. Wachache walisema Paker. Niliporudi ofisini kuchora, Pakiteng alikuwa na mistari thelathini na minane. Mkubwa alivua miwani akaifuta, akavaa tena. Hajawahi kuona mtu wa namna hiyo, akasema, mtu mmoja anayeshika wilaya nusu. Tukachukua gari tukaenda kumtafuta. Kila tulipouliza Pakiteng yuko wapi, tulielekezwa boma tofauti, na kila boma tulipata mzee tofauti, mkarimu, aliyetupa chai.

Mzee wetu alipopona nikamwonyesha mchoro. Aliutazama, akakaa chini kwenye ngazi ya ofisi, akacheka hadi kikohozi kikamrudia.

"Msichana," akasema, "hiyo si jina ya mtu. Mimi nikikupa ng'ombe, na wewe ukubali, kutoka siku hiyo mimi nakuita Pakiteng na wewe unaniita Pakiteng. Tukipeana kondoo, ni Paker. Hatuitani jina tena. Hawa wote wako na marafiki tu."

Nilikuwa nimewakusanya marafiki wa watu thelathini na wanane nikawafanya mtu mmoja. Mkubwa hakunigombeza, na hilo lilinichosha zaidi kuliko kugombezwa. Nikarudi kwenye maboma yale yale, moja baada ya jingine, kuuliza ni nani hasa aliyekupa ng'ombe huyo. Wazee walinionea huruma. Mmoja aliniuliza kama hatuna ng'ombe kwetu.

Mchoro wa pili ulikuwa na watu sitini na wawili. Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja na ilikuwa ya mhasibu, kwa hiyo hesabu ya tatu niliifanya kwa mkono, siku tisa. Watu sitini na wawili, kila mmoja na kila mwingine, ni jozi elfu moja mia nane tisini na moja. Nilichukua maharagwe kutoka nyumbani, nikatandika manila sakafuni, na kila njia fupi niliyoipata niliweka punje moja juu ya kila nukta iliyopitiwa. Magoti yaliniuma. Wenzangu walinivuka kwenda chai. Siku ya nne niliona kwamba rundo moja haliwezi kusimama tena. Kila nikiongeza punje, lilimwagikia nukta za jirani, nikalazimika kuliwekea kikombe.

Nilitazama jina. Lilikuwa la mama mmoja wa upande wa Mashuuru ambaye nilimkumbuka kwa shida. Alikuwa na mistari sita tu. Mwenye duka wa Isinya alikuwa na mistari ishirini na tisa na hakufikia nusu ya punje zake.

Mkubwa aliponituma kumwona tena, nilijua sababu kabla ya chai kuchemka. Alikuwa Mkamba aliyeolewa na Mmasai, mjane, miaka yake kama ya mama yangu. Upande mmoja wa boma lake walikuwa Wakamba wenye mashamba na mbuzi, upande wa pili Wamasai na ng'ombe wao. Mifugo ilichanganyika kwenye maji, magonjwa yakavuka, lakini maneno hayakuvuka ila kupitia kwake, maana ndiye pekee aliyezisikia lugha zote mbili vizuri. Mkamba akiona mbuzi anatoa povu alimwambia yeye. Yeye alipanda upande wa pili akasema. Alifanya hivyo akienda kuni au akirudi mtoni, kama mtu anavyofunga lango alilolikuta wazi. Nilipomwambia kwamba kwa hesabu yetu yeye ndiye mtu wa katikati kuliko wote, aliniuliza kama nimekula.

Maharagwe niliyarudisha nyumbani nikayapika.

Mradi ulifurahi. Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na sisi tulikuwa tumempata Mnyamwezi wetu. Akapewa daftari la kuandikia taarifa. Akajengewa benchi nje ya boma ili wenye habari wakae wakisubiri. Orodha yetu ikaazimwa na watu wa mradi wa visima, nao wakaona ni rahisi kupitia kwake. Wakaja wa chanjo za watoto. Wakaja wa mikutano ya akina mama. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na kila mmoja alisema ni kazi ndogo tu. Simu za mkononi zilipofika, mradi ukampa moja. Mtandao ulishika mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililokuwa mlimani nyuma ya boma lake, mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye goti zima. Yeye goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu nilipomjua.

Nilipita kwake mara moja kila miezi michache, na kila mara nilimkuta amepungua. Shamba lake la maharagwe likawa magugu. Mbuzi watatu waliliwa na chui siku ambayo alikuwa kwenye semina ya kumfundisha namna ya kutoa taarifa. Aliniambia bila hasira, akinimiminia chai. Mimi nilikuwa na hasira, lakini nilikuwa naiandika kwenye ripoti kwa lugha ambayo hata mimi sikuitambua.

Ilipofika wakati wa kupima upya, miaka kama mitano baada ya mara ya kwanza, tulikuwa na kompyuta yetu na hesabu ya siku tisa ikawa ya dakika. Sikuhitaji kuifanya kujua jibu. Mkubwa aliniambia kwamba safari hii mtu wa kwanza kwenye orodha atapewa pia friji la dawa, la kutumia gesi, na atakuwa mwalimu wa wengine. Nikaenda kukusanya majina. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, mguu juu ya kibuyu, na watu watano wakimngoja.

"Bado niko katikati ya karatasi yako?" akaniuliza.

"Bado, mama."

"Binti yangu, mimi nimechoka. Nalala nikisikia watu wakiongea. Fanya kitu na hiyo karatasi."

Nilirudi Kitengela na maneno hayo. Jirani aligonga akitaka ufunguo, nikampa bila kumwitikia salamu. Kesho yake mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilifungua kompyuta nikafuta mistari yake minne kati ya sita. Sijawahi kudanganya kazini kabla ya siku hiyo wala baada yake. Nilibonyeza, jina lake likashuka hadi chini kabisa, na mwenye duka wa Isinya akapanda juu. Nilijisikia vizuri. Nataka kusema hivyo wazi, kwa sababu ni moja ya siku chache za miaka ile ambazo nilijisikia vizuri.

Friji likaenda Isinya. Simu ikachukuliwa kwa mama ikapelekwa Isinya pia, na yule mwenye duka akajishonea beji.

Nilikwenda kumwona baada ya miezi mitatu. Nilibeba sukari na majani ya chai, na kusema kweli nilitarajia kushukuriwa. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanamke wa Kikamba alikuwa amemshika mwana mbuzi mapajani, na vijana wawili Wamasai walikuwa wamesimama wakiegemea fimbo. Mama mwenyewe hakuwepo. Alirudi baada ya saa mbili, akitembea kwa fimbo, kutoka sentani kwenye maduka. Kwa kuwa hakuwa na simu tena, kila taarifa aliipeleka mwenyewe kwa miguu na kumtafuta mtu wa kuibeba hadi Isinya.

Nikamsalimia Kimasai, "Takwenya," naye akajibu, "Iko," akakaa. Nikamweleza nilichofanya. Nilimwambia polepole kwamba nilimtoa kwenye mchoro, kwamba kwa sasa mradi haumtambui, kwamba hana kazi yetu tena. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na hawa?" akauliza, akionyesha benchi kwa kidevu. "Hawa uliwaambia?"

Nilimsogezea sukari.

"Mimi sikusema unifute. Hawa watoto wakinyamaza na mbuzi inakufa, mimi nitalala? Nilitaka unitafutie mwenzangu."

Nilitazama chini. Kitu kilichoniuma si kwamba nilikosea, maana kukosea nilikuwa nimezoea. Ni kwamba jibu lilikuwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyepiga magoti siku tisa juu yake. Ukifuta nukta iliyopitiwa na wote, njia hazipungui. Zinakatika au zinazunguka mbali. Ukitaka kumpunguzia mtu punje, unachora mstari mwingine mahali ambapo haukuwepo, basi. Mtoto angeliona hilo. Kidole kimoja hakivunji chawa, tuliimba darasa la pili, na mimi nilikuwa na cheti.

Nikamuuliza kama kuna mtu anayemfaa. Alijibu upesi, kwa hiyo nikajua amelifikiria kwa muda mrefu. Kulikuwa na mke wa jirani yake, Mmasai, mwanamke mwenye miaka thelathini hivi, ambaye alikulia karibu na soko la Wakamba na alisikia Kikamba kidogo. Alikuwa mwepesi wa kushika. Kilichokosekana ni mama kwenda kukaa naye, amtembeze kwa Wakamba, wamjue, wamwamini.

"Nimekosa siku," akasema. "Miaka hii yote nimekosa siku moja ya kutoka hapa."

Nilijumlisha kichwani siku nilizozitumia mimi kwenye benchi lile nikimuuliza maswali. Zilikuwa nyingi mno.

"Mama, nenda leo," nikamwambia. "Mimi nitakaa hapa."

"Wewe utasema nini na hujui kuongea?"

"Nitasema haupo."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Akamsikiliza kwanza yule mwenye mwana mbuzi na wale vijana, maana hakuwa mtu wa kuwaacha. Kisha akachukua fimbo yake akaondoka, akamchukua mke wa jirani, nikawaona wakishuka pamoja upande wa mashamba. Nilikaa kwenye benchi hadi jua likaanza kulegea. Walikuja watu kumi na mmoja. Niliwaambia wote kwa Kiswahili kwamba mama hayupo leo, warudi kesho, na wakitaka wamwambie mke wa jirani. Wengine walinuna. Mzee mmoja alikula habari nami kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa Kimasai, bila kujali kwamba sielewi, nami nikamwitikia kwa sauti ya kooni kama nilivyofundishwa. Daftari lilikuwa mkobani na sikulitoa.

Nilikwenda tena Jumamosi tatu, kwa siku zangu mwenyewe, nikakaa hapo hapo wakati wao wakitembea. Kwa mkubwa nilikiri yote. Alivua miwani, akasema matokeo yameshapelekwa na kupima tena ni hadi tupate idhini. Alionekana mzee ghafla, na nadhani nami nilionekana hivyo kwake. Hakunifukuza. Pale Kitengela nilimpelekea fundi wa barabarani ufunguo wa bomba, akanichongea wa pili, nikampa mama wa nyumba namba sita. Aliuchukua kwa mashaka, akiuliza kama watu hugonga sana. Nilimwambia hugonga.

Mara ya mwisho kufika Mashuuru kwa kazi ile ilikuwa karibu mwaka mmoja baadaye, na nilifika kama saa tano asubuhi. Benchi lilikuwa na watu wanne. Mke wa jirani alikuwa ameketi mwisho wake, mtoto mgongoni, akimsikiliza Mkamba mmoja mzee na kumrudishia maneno kwa kusitasita, akikosea na kurekebishwa. Nilisimama hadi akamaliza. Nikamsalimia, nikamuuliza mama yuko wapi.

"Amelala," akasema.

Saa tano, jua kali, mwanamke ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumkuta amefumba macho. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umerudishwa nusu, na viatu vyake vya tairi vilikuwa nje.

"Ni lazima?" akaniuliza. "Nimwamshe?"

"Hapana," nikamwambia, "si lazima." Nikaketi kwenye benchi pamoja na wengine.